Vijana wa turbo, someni plagi kabla ya kuitupa

Subaru Forester ya turbo inaingia gereji asubuhi. Mwenyewe analalamika kwamba inakohoa akiikanyaga Thika Road, lakini ikisimama inanguruma vizuri tu. Kabla ya saa nne kijana ameshamaliza: plagi mpya ziko ndani, na zile nne za zamani ziko kwenye ndoo ya takataka pamoja na matambara ya oili. Ukimuuliza ni silinda gani ilikuwa na shida, hajui, na sasa hakuna anayeweza kujua. Jambo hili linajirudia kila wiki, kuanzia Ngara hadi Industrial Area, na wanaolifanya ni vijana hodari wenye mikono myepesi. Ndiyo maana linauma.

Kufungua koili mnajua, na P0302 kwenye skana (silinda ya pili inamisi, haiwaki sawasawa) mnaisoma bila kusaidiwa. Sitarudia hayo. Nataka tuzungumze kuhusu petroli na plagi, kwa sababu kwenye injini ya turbo, inayosukumiwa hewa kwa nguvu, hivyo viwili ni kesi moja.

1. Plagi ikitoka, ipange

Chukua kadibodi, toboa matundu manne, andika namba za silinda. Kwenye EJ, injini ya Subaru, ukiwa umekaa ndani ya gari ukitazama mbele, 1 na 3 ziko kulia, 2 na 4 kushoto. Kisha tazama kila ncha kwa lenzi, au piga picha kwa simu uikuze.

Kauri ya kahawia nyepesi au kijivu haina tatizo. Masizi meusi makavu ni mchanganyiko mzito (petroli nyingi kuliko hewa), au plagi baridi mno (inayopoteza joto haraka) kwa gari linaloishi kwenye jam ya Jogoo Road. Weusi uliolowa na kung'aa ni oili: kagua PCV (vali inayoondoa mvuke wa injini), sili za vali, na turbo yenyewe. Kauri nyeupe kama chaki, yenye malengelenge, imeungua kwa joto. Na ukiona vitone vidogo sana vinavyometameta juu ya kauri, simamisha kazi. Hiyo ni aluminiamu ya pistoni, imeanza kuhamia kwenye plagi. Pima kompresheni, kisha fanya leak-down (kupima uvujaji wa hewa silindani), kabla ya kumwambia mteja lolote kuhusu bei.

Duara la kahawia upande wa nje, pale kauri nyeupe inapoingia kwenye chuma, lisikutishe. Wengi husema gesi inavuja, wanauza plagi mpya. Ni vumbi na mvuke wa oili vilivyovutwa na umeme mkali, na plagi inafanya kazi kama kawaida. Mstari mwembamba mweusi unaoshuka kwa wima kwenye kauri hiyohiyo ndio wa kuhofia. Tutaufikia.

2. Oktani ni namba, na namba ina kipimo chake

Oktani ni kiasi petroli inavyohimili kubanwa bila kujilipua. Kijana anasoma kwenye simu kwamba Subaru WRX inataka 91, anatazama pampu ya hapa, anaona tumevuka, anafurahi. Hiyo 91 ni ya Marekani, ambako pampu huandikwa wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON. Kwa RON, kipimo kinachotumika hapa, 91 yao ni kama 95 au 96. Na 93 yao inakaribia 98.

Magari yetu mengi ya turbo yametoka Japani, ambako petroli ya daraja la juu huuzwa kwa kawaida ikiwa RON 100. Fungua kifuniko cha tangi: kama kuna kibandiko cha Kijapani kinachodai petroli hiyo ya juu, kompyuta ya gari ilipangwa kwa mafuta hayo. Kwa hiyo gari kama hilo, likiwa Nairobi, lipewe petroli yenye oktani ya juu kabisa unayoweza kuipata kwa uhakika, kutoka kituo kimoja chenye wateja wengi, ili mafuta yasikae sana kwenye matangi ya chini. Siku petroli hiyo ikikosekana, jaza super ya kawaida, ila mwambie mteja asilikanyage hadi chini mpaka tangi libadilike.

Kuna imani kwamba kwa sababu tuko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, oktani ndogo inatosha. Kwa Fielder isiyo na turbo kuna ukweli, maana hewa nyepesi hupunguza shinikizo ndani ya silinda. Turbo haikubali kupunguziwa. Inazunguka kwa kasi zaidi ili kurudisha shinikizo ambalo mwinuko umeondoa, na hewa iliyobanwa zaidi hutoka ikiwa na joto zaidi. Intakula (kipoza hewa ya turbo) ikiwa imeziba vumbi na wadudu, joto hilo lote linaingia kwenye silinda. Halafu Desemba gari linashuka Mombasa, kwenye hewa nzito na ya moto. Noki (petroli kujilipua yenyewe silindani) ambayo Nairobi ilikuwa inanong'ona, huko inapiga kelele.

Kuhusu petroli ya kuchanganywa na mafuta ya taa: tangu Septemba 2018 mafuta ya taa yana tozo ya shilingi 18 kwa lita iliyowekwa mahsusi kupambana na uchanganyaji, na faida ya mchezo huo ilipungua. Haina maana kwamba maji na uchafu havimo. EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei za juu kila tarehe 14. Kituo kinachouza chini sana ya majirani zake kiulizwe kwa nini. Na mteja anayeendesha taa ya mafuta ikiwaka kila siku, mkanye. Pampu ya ndani ya tangi hupozwa na petroli, na petroli ikisukwasukwa kwenye kona pampu inavuta hewa, mchanganyiko unakuwa mwepesi wakati busti (shinikizo la turbo) iko juu.

3. Plagi ya "Forester"

Hapa ndipo pesa za watu zinapotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kijana anatumwa Kirinyaga Road. Anamwambia muuzaji, "Nipe plagi za Forester, SG5." Hakusema turbo. Anapewa, kwa mfano, BKR5E-11. Anazileta, zinaingia kwa vidole bila kugoma, gari linawaka kwa mpigo mmoja, sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inatulia. Kila mtu anaridhika.

Soma hiyo namba. B ni nyuzi za skrubu zenye upana wa milimita 14. K ni kichwa cha soketi ya 16. R ni rezista. E ni urefu wa nyuzi, milimita 19. Vyote hivyo vinalingana na plagi ya turbo, ndiyo maana iliingia vizuri. Tatizo liko kwenye 5 na kwenye 11. Hiyo 5 ni daraja la joto (jinsi plagi inavyopoteza joto), na EJ20 nyingi za turbo zinataka 6, kama PFR6G. Hiyo 11 ni mwanya wa milimita 1.1, wakati turbo inataka kama 0.7 hadi 0.8.

Anza na mwanya. Umeme kuruka milimita 1.1 kwenye hewa ya kawaida si kazi. Ndani ya silinda iliyojazwa kwa busti, hewa imesongamana, na kila ongezeko la shinikizo linadai volti zaidi. Gari likiwa sailensa, koili inatosha. Likikanyagwa gia ya tatu, busti ikapanda, volti zinazohitajika zinapita uwezo wa koili, au umeme unatafuta njia rahisi zaidi: unateremka nje ya kauri, kupitia ndani ya mpira wa koili, hadi kwenye chuma. Unaacha ule mstari mweusi wa wima. Mstari huo ni kaboni, kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo mara ya pili njia ni rahisi kuliko ya kwanza.

Sasa gari linamisi. Skana inasema P0302. Kijana anabadilisha koili ya silinda ya pili, na kwa siku chache linatulia, kwa sababu mpira mpya unabana vizuri. Wiki inayofuata ni P0304. Koili nyingine. Kisha zote nne. Kisha pampu ya mafuta, kisha sensa ya hewa inasafishwa, kisha mtu anasema ni kompyuta. Muda huo wote petroli isiyoungua inateremka kwenye egizosti na kuungulia ndani ya katalisti (kisafisha moshi) mpaka inayeyuka. Mteja amelipa bei ya nusu injini, na kosa bado limekaa pale chini ya koili, limeandikwa namba yake kwenye kauri.

Daraja la joto ni baya zaidi kwa sababu halikohoi. Ncha ya plagi inatakiwa ikae takriban kati ya nyuzijoto 450 na 850. Chini ya hapo haijisafishi masizi. Juu ya hapo inakuwa kaa la moto linalowasha mchanganyiko kabla ya cheche. Plagi ya 5 kwenye turbo itavumilia jam ya Waiyaki Way mwaka mzima. Kisha jamaa anatoka Naivasha Jumapili jioni na familia, gari limejaa, tangi limejazwa super ya kituo asichokijua, anapanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru nyuma ya malori, anakanyaga kuyapita. Busti kamili, muda mrefu, ncha nyekundu, oktani ndogo. Sensa ya noki inarudisha taiming (wakati wa cheche) nyuma, lakini taiming haizuii moto uliowashwa na plagi yenyewe. Ukingo unaoshika ringi kwenye pistoni unapasuka, mara nyingi silinda ya nne. Jumatatu gari linaletwa likitoa moshi wa buluu, kompresheni silinda moja iko chini, na kazi ni kufungua injini.

Wapo wanaogundua kosa la mwanya na kulirekebisha kwa kugonga plagi kwenye meza ya vaisi. Ncha ya iridiamu ni nyembamba, milimita 0.6, nyingine 0.4, na huvunjika au kupata ufa usioonekana. Ukirekebisha, pinda elektrodi ya pembeni peke yake, pole pole, upime kwa geji ya waya, usiguse ya katikati kabisa. Usizidishe milimita 0.2. Kutoka 1.1 hadi 0.7 huwezi kufika kwa kupinda. Nunua iliyo sahihi.

Kumbuka pia: NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, na 6 ya NGK ni 20 ya Denso, 7 ni 22. Kwa Bosch ni kinyume, namba kubwa ni ya moto zaidi. Gari lililoongezewa busti na kupigwa tuni linaweza kuhitaji 7. Gari la kawaida lisiwekewe 7 kwa sifa. Litajaa masizi kabla ya kufika Westlands.

4. Plagi feki

Pima rezista kwa multimita, kutoka kichwa hadi elektrodi ya katikati: ya kweli huwa karibu kilo-omu 5. Nyuzi ziwe laini, washa (ringi ya chuma ya kuziba) isianguke ukiigeuza plagi, maandishi yasifutike kwa kidole chenye petroli. Iridiamu inayouzwa kwa bei ya nikeli si iridiamu.

5. Chupa za oktani na petroli ya ndege

Chupa ikisema inaongeza "pointi 3", maana yake mara nyingi ni 0.3 ya oktani. Nyingi zina manganisi au chuma, na hivyo huacha rangi nyekundu ya matofali kwenye kauri, inayopitisha umeme. Ukikuta rangi hiyo, mteja anatumia chupa hata kama anakana. Muulize kwa heshima.

Na ukishauriwa utafute 100LL ya ndege ndogo za Wilson, kataa. Ina risasi, na risasi huua sensa ya oksijeni na katalisti.

6. Kufunga

Injini iwe baridi. Puliza mashimo kwa hewa kwanza, mchanga wa Nairobi usidondoke ndani. Kwenye boksa (injini ya kulala kama ya Subaru) toa betri na chombo cha maji ya waipa upande mmoja, boksi la hewa upande wa pili. Kung'ang'ania bila kutoa ndiko kunakopasua kauri. Anza nyuzi kwa kipande cha hozi ya mpira, kikigoma kitateleza chenyewe badala ya kukata nyuzi za hedi. Malizia kwa spana ya torki: Nm 25 hadi 30 kwa plagi ya milimita 14 yenye washa, 15 hadi 20 kwa ya milimita 12. Huna spana hiyo, ni nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko baada ya kukazwa kwa vidole. Usipake grisi ya kuzuia kutu kwenye nyuzi, kwa sababu hupunguza msuguano na utakaza kupita kiasi bila kujua.

Nikeli kwenye turbo, badilisha kila kilomita 15,000 hadi 20,000. Iridiamu, itoe uitazame kila 30,000, na usiivushe 60,000 hata kama sanduku linaahidi zaidi.

7. TSI na wenzake wa sindano ya moja kwa moja

Kwenye injini hizi, kama TSI za Volkswagen, petroli hupulizwa ndani ya silinda yenyewe. Sabuni iliyo kwenye petroli bora haigusi vali za kuingiza, kwa hiyo kaboni itajikusanya na itabidi kusafishwa kwa mkono. Oili iwe API SP au SN Plus, yenye idhini ya mtengenezaji wa gari. Mweleze mteja asikanyage hadi chini akiwa gia ya juu na injini iko mizunguko 1,500. Hapo mchanganyiko hujiwasha wenyewe mapema, na pistoni huvunjika bila onyo.

8. Kabla ya kumpa mteja ufunguo

Kwa Subaru, unganisha laptopu usome IAM, au DAM kwa injini ya FA20: namba inayoonyesha kompyuta inavyoiamini petroli. Ukitoa betri kumbukumbu imefutwa, kwa hiyo namba ya dakika ya kwanza haina maana. Endesha kwanza, gia ya tatu, kutoka 2,500 kwenda juu, barabara ikiwa wazi. Ikipanda hadi 1 (au 16 kwa kompyuta za zamani) na kubaki hapo, petroli na plagi vimekubaliana. Ikirudi chini, noki ipo, gari lisitoke. Kisha andika kwenye kibandiko chini ya boneti: namba ya plagi, mwanya, kilomita, na kituo alikojaza mara ya mwisho.