Maswali ya Wasomaji: Zumari, Santiago na Kihispania

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Majengo, hapa hapa Mombasa. Kazi yangu ni zumari na ngoma za harusini, chakacha hasa. Mwenzangu mmoja aliye ng'ambo amenialika tukutane Santiago de Cuba mwakani mwezi wa Julai, tukae mwezi mzima tujifunze ngoma za kule na tuione kanivali yao. Nauli naiweka kidogo kidogo. Kinachonitatiza ni lugha, maana Kihispania sijui hata salamu. Rafiki zangu wamegawanyika. Kuna wanaosema simu itanitafsiria, na kuna wanaosema muziki hauhitaji lugha, nitaelewana na watu kwa ngoma tu. Nilianza na programu moja ya simu, nayo inanifundisha kwa Kiingereza eti tufaha ni jekundu na mvulana anakunywa maziwa. Imenichosha. Je, nijifunze au niende hivi hivi? Na kama ni kujifunza, nianzie wapi, mfuko wangu ukiwa ndio huu?
Mpiga zumari, Majengo

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wanaokwambia muziki hauhitaji lugha hawajawahi kuketi mbele ya fundi. Mimi niliketi, ingawa si kwa kupiga. Zama nilipokuwa nikiwatembeza wageni wa Kihispania Fort Jesus na Mji wa Kale, alikuja bwana mmoja kutoka Sevilla, mpigaji ngoma, akataka afundishwe chapuo. Nikampeleka kwa mzee mmoja, nikakaa kati yao niwe mkalimani. Mzee akaanza: "Usiikimbize. Hapo! Rudi. Iache ije yenyewe." Kila nikifungua mdomo nitafsiri, pigo limeshapita, mzee yuko kwingine, na mgeni anarekebisha kosa la nyuma huku akifanya jipya. Mwishowe mzee akanigeukia, "Bibi, anayetuharibia mwendo ni wewe." Nikanyamaza. Mgeni akaokota alichoweza kwa kutazama mikono, basi.

Ikiwa mtu mzima mwenye masikio mawili alikuwa kikwazo, simu itakufaa nini? Itakusaidia kununua mkate, sikatai, almuradi ina chaji na mtandao upo. Lakini umeme wa Kuba una shida kubwa. Oktoba 2024 gridi yao ilianguka na kisiwa kizima kikalala giza. Usiweke masomo yako mikononi mwa betri.

Kwa hiyo jifunze, ila Kiingereza kiweke kando. Kiingereza ndicho kinachokuchosha, na wala hukihitaji. Sikiliza: mtu wa Santiago akiwa na njaa husema *tengo hambre*, nina njaa. *Tengo sed*, nina kiu. Ukimuuliza umri atakujibu *tengo 27 años*, nina miaka 27. Kichwa kikimuuma, *me duele la cabeza*, chaniuma kichwa. Kitu kikimpendeza, *me gusta*, chanipendeza. Kitu ndicho kinachotenda na yeye ndiye anayetendewa, sawasawa na kwetu. Kuyaendea haya kupitia Kiingereza ni kama mtu wa Majengo kwenda Likoni kwa njia ya Nyali.

Irabu zao ndizo hizi zetu tano, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Neno likiishia kwa irabu, mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu, na ukihama wanakuwekea alama uuone. Kivumishi kwa kawaida hufuata jina na hukubaliana nalo: *tambor viejo*, ngoma kuukuu, *campana vieja*, kengele kuukuu. Ngeli zenyewe ni mbili tu. Wewe uliyelelewa na m-wa, ki-vi na nyinginezo, mbili zitakushinda? Kwenye kitenzi, nafsi sisi tunaiweka mbele na wao wanaiweka nyuma: *toco, tocas, toca*, yaani napiga, wapiga, apiga. Kitakachokusumbua ni nyakati zilizopita, ambazo zina namna mbili, na vitenzi viwili vya "kuwa", *ser* na *estar*. Viache hivyo kwa sasa. Hakuna fundi atakayekufukuza kwa sababu ya *estar*.

Sasa tuje kwenye sikio, kwani hapo ndipo wengi huanguka. Kihispania cha vitabuni kinasomeka vizuri, lakini watu wa Kuba huimeza s iliyo mwisho wa silabi. *Más o menos* utaisikia *má o meno*. Ukizoea sauti za watangazaji wa Madrid, utatua Santiago udhani wanasema lugha nyingine. Basi sikiliza redio za Kuba kwenye intaneti tangu leo. Ninayoipenda kwa mwanamuziki ni Radio Reloj ya Havana, iliyoanza 1947. Hiyo ni habari mchana na usiku, na nyuma ya mtangazaji sekunde zinagonga kama saa ya ukutani, na kila dakika inatangazwa. Iweke asubuhi unapokunywa chai. Mwanzoni utashika nambari tu, kisha majina ya miji, kisha vitenzi. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa mapigo, utajikuta unajua neno linaangukia wapi kabla hujajua maana yake.

Habari za tufaha na maziwa zitupe. Anza na maneno atakayokwambia mwalimu wakati mikono yako ina kazi: *otra vez*, tena, *más despacio*, polepole zaidi, *escucha*, sikiliza, *espera*, ngoja, *así no*, si hivyo, *eso es*, ndivyo. Katika son na rumba, mitindo ya muziki wa Kuba, kuna *clave*, mapigo matano ya vijiti viwili ambayo wengine wote huyafuata. Ukiyapishana utaambiwa uko *atravesado*. Ukilisikia hilo, simama, usibishe. Nawe uwe na ya kuuliza: *¿dónde entro?*, naingia wapi? Haya hayamalizi kurasa mbili za daftari. Yaseme kwa sauti huku unapiga, si kwa kuyasoma kitandani. Na mzee yeyote mwite *usted*, "wewe" ya heshima, na mwalimu *maestro*, mpaka mwenyewe akuruhusu kulegeza. Vijana wa kule huitana *tú*, "wewe" ya kawaida, bila shida, lakini wewe umelelewa Mombasa.

Mwalimu wa kulipia si lazima. Tafuta mpigaji wa Kuba au wa Kolombia anayetaka kujua chakacha, mpigiane simu za video: nusu saa wewe unamfundisha kwa Kihispania chako cha kuchechemea, nusu saa yeye anakufundisha. Hapo utalazimika kusema.

Na hilo zumari, tafadhali ulibebe. Sijui kama mwenzako amekwambia, lakini kanivali ya Santiago hupigwa juu yake *corneta china*, ambayo ni zumari la Kichina hasa, lenye ulimi wa kupuliza na mdomo uliopanuka kama lako. Wachina walianza kupelekwa Kuba kwa mikataba ya kazi za mashambani mwaka 1847, na chombo chao kikaingia kwenye ngoma za mitaani za Santiago mwanzoni mwa karne ya 20. Chini yake kuna ngoma ndefu ziitwazo *bocú* na vyuma vya breki za magari vinavyogongwa. Corneta inatoa wimbo, umati unaitikia, mtaa mzima unatembea. Nenda mtaa wa Los Hoyos, ambao conga yake, ngoma ya mitaani, inajulikana kisiwa kizima, useme: *Vengo de Mombasa. Toco el zumari.* Natoka Mombasa, napiga zumari. Kisha lipulize. Nadhani somo la kwanza hutalilipia. Jioni, pita Casa de la Trova, mtaa wa Heredia, ukasikilize nyimbo za magitaa. Ukiwakuta watu wa tumba francesa, ngoma nyingine ya kule, usishangae Kihispania kukutupa: babu zao waliletwa kutoka Haiti, na nyimbo zao nyingi ni za Krioli.

Mambo ya safari nayapitia upesi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano utaulizwa kwa kuwa unatoka Kenya, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Ulizia viza ya nchi utakayobadilishia ndege, si ya Kuba pekee. Beba yuro taslimu, maana kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi kule na nyingine zinasumbua. Kanivali iko mwishoni mwa Julai, lakini kabla yake, mwanzoni mwa mwezi, kuna Festival del Caribe, tamasha la Karibi, basi panga tarehe ziyapate yote mawili.

Halafu kuna saa. Mwalimu akikwambia *a las siete*, ni saa moja yetu, na *a la una* ni saa saba mchana. Ukichanganya, utamgongea mlango na zumari mkononi yeye bado amelala.