Kabla ya Kununua Kifaa Janja, Mjue Atakayeamka Usiku

Viongozi wa vyama vya msingi, wenye mabasi na waganga wafawidhi wa hapa Tabora huniuliza mara kwa mara wanunue kifaa gani. Kazi yangu ni kufunga na kutunza vifaa vinavyopima jambo fulani, iwe joto, uzito au mwendo, na kupeleka vipimo hivyo kwa njia ya mtandao. Hata hivyo, mazungumzo yangu na mteja huanzia mbali na duka. Ninamwomba kwanza anieleze taarifa itakapofika itapokewa na nani, saa ngapi, na mtu huyo atafanya nini kwa mikono yake mwenyewe. Asiyeweza kunijibu hayo ninamshauri ahifadhi fedha zake mpaka apate jibu.

Nianze na tumbaku, kwa kuwa ndiyo inayolisha kaya nyingi za Urambo, Kaliua na Sikonge. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani, yaani jengo la kukaushia lenye tanuru, kwa takriban wiki moja, na joto lake halipandishwi kwa pupa. Majani huachwa yageuke njano kwenye nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi, kisha joto huongezwa kidogo kidogo hadi bapa la jani likauke, na mwishoni hufikishwa nyuzi 70 hivi ili kikonyo nacho kikauke. Joto likipanda mapema, ukijani hubaki ndani ya jani, na likishuka wakati usiofaa jani huharibika rangi. Kwa vyovyote vile, mteuzi atashusha daraja siku ya soko, na kazi ya msimu mzima itakuwa imepungua thamani kwa sababu ya saa chache za usiku ambazo mchochezi wa moto alipitiwa na usingizi.

Hapo ndipo kihisi cha joto kinapokuwa na maana. Ninapofunga kifaa kwenye bani, huweka king'ora kidogo kando ya tanuru na pia ujumbe mfupi kwa simu ya mwenye bani, na kwa uzoefu wangu king'ora ndicho kinachookoa tumbaku. Mwenye bani huenda amelala mjini, mwendo mrefu kutoka shambani, ilhali mtu anayeweza kusogeza gogo la kuni yuko hatua chache kutoka kwenye moto. Wauzaji wengi husifia ramani na michoro inayoonekana kwenye simu ya kiganjani, na mimi siikatai, kwani humsaidia mwenye mali kulinganisha moto mmoja na mwingine baada ya msimu. Ila mchoro hauchochei kuni.

Jambo la ufundi ambalo ni muhimu hapa ni kwamba kinachopaswa kuingia ndani ya bani ni waya na kihisi tu. Kihisi cha aina ya DS18B20, ambacho mafundi wengi hukitumia kwa sababu ni cha bei nafuu, husoma joto hadi nyuzi 125, lakini betri za lithiamu hazikutengenezwa kukaa kwenye nyuzi 70. Kisanduku chenye betri na redio kibaki nje, kivulini, mbali na bomba la moshi. Mabani yakiwa yamekaribiana, redio za LoRa, ambazo hupeleka taarifa chache kwa umbali wa kilomita kadhaa mahali palipo wazi na kwa umeme kidogo mno, zinaweza kukusanya vipimo vyote hadi ofisi ya chama penye laini moja ya simu. Chama kitalipia bando moja badala ya kulipia kila bani.

Majokofu ya chanjo yamenifundisha jinsi ya kupanga kengele. Chanjo nyingi za zahanati hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na watu wengi hudhani kwamba adui ni joto peke yake. Chanjo ya pentavalenti, ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B huharibika zikiganda, na ile alama ya kwenye kichupa inayobadilika rangi kwa joto haisemi lolote kuhusu kuganda. Kwa sababu hiyo, viwango vya Shirika la Afya Duniani vinataka kifaa kilie joto likikaa juu ya nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, ila likishuka hadi nusu nyuzi chini ya sifuri kilie baada ya dakika 60 tu. Tofauti hiyo ya muda imefikiriwa kwa makini. Jokofu hufunguliwa siku za kliniki, umeme hukatika na kurudi, na kengele inayolia kila mlango unapofunguliwa itazimwa na muuguzi kabla mwezi haujaisha, tena kwa haki, kwa kuwa ana akina mama wanaomsubiri. Ninawasihi watu wa sekta nyingine waige utaratibu huo, yaani kila kengele iwe na kiwango na muda wake, na hatari ya haraka itengwe na hatari inayovumilika.

Lipo pia suala la ukimya, ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Kifaa kilichokufa hakipigi kelele, na skrini inaweza kuendelea kuonyesha nyuzi 5 za juzi kana kwamba ni za sasa. Mwaka 1999 Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper walibuni utaratibu wa mawasiliano uitwao MQTT kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo mawasiliano yalikuwa ghali na umeme wa betri ulipaswa kutumiwa kwa kubana. Ndani yake waliweka njia ya seva kutangaza kwamba kifaa fulani kimepotea hewani bila kuaga. Utaratibu huo sasa hutumika viwandani, mashambani na majumbani. Unapozungumza na muuzaji, mwambie azime kifaa mbele yako kisha msubiri pamoja muone itachukua muda gani kabla simu yako haijapata taarifa. Asipokuwa tayari kufanya jaribio hilo, tafuta muuzaji mwingine.

Huku kwetu umeme na mtandao havina uhakika wa saa zote, kwa hiyo kifaa kinachofaa ni kile kinachoendelea na kazi yake hata kikiwa peke yake. Mfano wa karibu ni mita ya kawaida ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Haihitaji mtandao wowote, kwa kuwa tarakimu 20 unazoingiza zimefumbwa kwa ajili ya mita hiyo tu, na mita huzifumbua yenyewe ukutani. Uhuru huo una gharama yake. Hesabu ya muda inayotumiwa na mita za aina hiyo duniani kote, iliyoanzia mwaka 1993, ilikuwa inafika ukomo Novemba 2024, na kwa kuwa hazijaunganishwa na mtandao, ilibidi wateja waingize tarakimu za ziada kwa mikono ili mita zao zihuishwe. Mita iliyounganishwa ingeweza kurekebishwa kutoka mbali. Mimi, kwa mazingira ya Tabora, bado ningechagua kifaa kinachojitegemea kwanza na kutumia mtandao kama nyongeza: kiwe na kumbukumbu ya kutunza vipimo mtandao unaposumbua, kisha kivipeleke vyote unaporudi.

Kabla ya kufunga, nenda mahali penyewe na simu yenye laini ya kampuni unayotaka kuitumia, asubuhi na tena jioni, ukapime. Chumba cha baridi ni sanduku la chuma, na ghala la bati halitofautiani nalo sana, kwa hiyo antena itoke nje. Msimu wa mvua radi ni nyingi, na kinga ya radi kwenye waya wa umeme ni nafuu kuliko kifaa kipya.

Wenye mabasi wanajua tayari maana ya kufuatiliwa, kwa kuwa mabasi ya masafa marefu hufungwa kifaa cha kufuatilia mwenendo kinachosimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na dereva anayevuka kilomita 80 kwa saa huonekana. Ushauri wangu kwao ni kuhusu watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa taarifa za mahali alipo mtu anayetambulika. Dereva aambiwe kwa maandishi ni nini kinachokusanywa, kinaonwa na nani na kwa muda gani. Nimeona uhusiano wa kazi ukivunjika si kwa sababu ya kifaa, bali kwa sababu dereva alikigundua mwenyewe chini ya dashibodi.

Kwa wafugaji wa nyuki ninasema kidogo tu. Mizani chini ya mzinga huonyesha asali inavyoingia wakati miombo inapochanua, na ni taarifa nzuri, lakini kuiweka kwenye kila mzinga msituni ni kutupa fedha. Mizinga michache iliyochaguliwa vizuri itakuambia wakati wa kwenda kuvuna, na mingine utaikagua kwa macho kama ulivyozoea.

Usalama unastahili ukali zaidi. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kujaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuwahi kuzibadilisha, na Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuangusha huduma ya kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikizielekeza kompyuta kwenye anwani za tovuti, hadi tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifunguki. Badilisha nywila siku hiyo hiyo ya kufunga, fundi akiwa bado yupo. Vilevile hakikisha laini iliyo ndani ya kifaa imesajiliwa kwa jina la taasisi yako. Laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole, na fundi aliyesajili kwa kidole chake akihama mkoa, siku laini ikifungiwa utakuwa unamtafuta mtu badala ya kutafuta hitilafu.

Mwisho, kipime kipimo chenyewe kila mwanzo wa msimu. Changanya barafu iliyopondwa na maji kidogo, tumbukiza kihisi na usubiri: kinapaswa kusoma sifuri. Kisha kitie kwenye maji yanayochemka, ukikumbuka kwamba Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 na si 100. Kihisi kinachosoma 100 hapa mjini ndicho chenye kasoro. Tofauti ikizidi nyuzi moja, kibadilishe au andika kiasi cha kusahihisha kwenye daftari la kifaa, pamoja na tarehe na jina la aliyepima.