Barua kwa mwanangu: tembo ndani ya hanzi

Mwanangu Tumaini,

Marahaba. Ujumbe wako wa kutoka Wuhan nimeusoma mara tatu. Unasema mwalimu aliandika 龘 ubaoni, hanzi (herufi ya Kichina) ya mistari 48, kisha akawaambia msihangaike kuikariri. Nawe ukaniuliza: "Mama, kama Wachina wenyewe hawaisomi, wanaitunza ya nini?"

Hiyo ni 龍, joka, imeandikwa mara tatu. Husomwa dá, nayo huelezea majoka yanavyopaa. Ilikuwa imelala kamusini hadi mwaka wa joka, 2024, televisheni ya taifa ilipoitia katika kaulimbiu ya tamasha la mwaka mpya. Mwalimu wako yuko sahihi, usiikariri. Ila jibu la swali lako nalipata kwa tembo.

Chukua 为, "kufanya", unayoiandika kila siku kwa mistari minne. Umbo lake la zamani ni 為, na hilo nalo halikuonyeshi kitu. Mwaka 100 msomi Xu Shen alikamilisha kamusi yake, Shuowen Jiezi, yenye hanzi 9,353. Mwaka 121, yeye akiwa mgonjwa, mwanawe Xu Chong ndiye aliyeipeleka kwa kaizari. Kila nikifika hapo moyo hunilainika. Basi Xu Shen aliitazama hanzi hiyo katika mwandiko wa mihuri, ule wa kale unaochongwa kwenye mihuri, akasema ni kima.

Alikosea, na wala hakuwa mvivu. Ushahidi ulikuwa chini ya udongo. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita wafalme wa Shang, ukoo uliotawala China ya kale, walipiga ramli kwa magamba ya kobe na mifupa ya bega ya ng'ombe: waliichoma moto, wakasoma nyufa, na swali lenyewe likachongwa papo hapo. Mifupa hiyo ilifukiwa huko Anyang. Karne nyingi baadaye ikauzwa kama "mifupa ya joka", ya kusaga dawa, mpaka mwaka 1899 msomi Wang Yirong alipotambua kwamba mikwaruzo ile ni maandishi. Na humo 為 iko wazi hata kwa mtoto wa Mikumi: mkono umeshika mkonga wa tembo.

Kinachoniuma ni kwamba Xu Shen alikuwa mtu wa Henan, mkoa huohuo ulipo mji wa Anyang. Lakini zama zake tembo walishatoweka huko, na picha yao ikawa imepotea ndani ya mistari.

Katika hanzi 4,500 hivi za kwenye mifupa, ni kama theluthi tu zinazosomeka. Wanaozifumbua huanza na umbo la leo, wakarudi kwenye mihuri, wakarudi kwenye maandishi ya vyombo vya shaba, ndipo wafike mfupani. Umbo moja la katikati likitupwa kwa kuwa halitumiki, njia imekatika hapo. Kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716 ina hanzi 47,035, nyingi hakuna anayeziandika tena, na ningesikitika ikipungua hata moja.

Treni ya kasi ya kwenda Beijing hupitia Anyang, na pana jumba la makumbusho ya maandishi. Likizo hii nenda, umtafute tembo huyo, unipigie picha. Huko tazama pia namba za magari: zinaanza na 豫, jina fupi la Henan. Upande wake wa kulia ni 象, tembo. Hiyo unaijua.

Mama yako