PCNA kuonekana na uzito wa kilodaltoni 36: je, sampuli imeharibika?

Swali: Ninachunguza PCNA, protini inayosaidia seli kurudufisha DNA, katika seli za binadamu kwa jeli ya SDS (sabuni inayokunjua protini ili zitenganishwe kwa uzito) na kingamwili. Hesabu inanipa kilodaltoni 29, lakini bendi inatokea karibu na 36. Nimesoma pia kwamba PCNA ni pete ya vipande vitatu. Mbona sioni bendi ya 87?

Jibu: Sampuli yako ni nzima. PCNA ya binadamu ina asidi amino 261, na uzito wake ni huo uliokokotoa. Ila ni protini yenye chaji hasi nyingi, na protini za namna hiyo kwa kawaida hushikwa na SDS kwa kiasi pungufu, zikajikokota ndani ya jeli na kuonekana nzito kuliko zilivyo.

Bendi ya 87 huioni kwa sababu vipande vitatu vya pete havikuunganishwa kwa viungo vya kovalenti, hivyo SDS na kuchemsha huvitenganisha. Hapa ndipo ningekuomba utulie, kwa kuwa pete ndiyo kazi yenyewe ya PCNA. Ndani ya kiini, RFC, mashine ya vijenzi vitano, hutumia ATP, nishati ya seli, kuifungua pete na kuivisha kwenye DNA. Tundu lake lina upana wa nanomita 3.5 hivi, na DNA yenye upana wa nanomita 2 hupita bila kubanwa. Polimerasi delta, kimeng'enya kinachojenga DNA, ikijishikiza kwenye pete hurudufisha kipande kirefu bila kuuachia uzi, jambo isiloliweza ikiwa peke yake.

Kwa hiyo bendi yako inathibitisha kwamba protini ipo, lakini haithibitishi kwamba seli inarudufisha DNA, kwani PCNA hushiriki pia katika ukarabati, na nyingine hubaki kwenye kiini bila kuvikwa popote. Ikiwa unachotafuta ni urudufishaji, osha seli kwa sabuni ya Triton X-100 ili PCNA isiyoshikamana iondoke, kisha pima iliyobaki kwenye kromatini (DNA pamoja na protini zilizoifunga) ukiilinganisha na histoni H3, mojawapo ya protini hizo.

Na ukiwahi kuzipiga seli mionzi ya urujuanimno ukaona bendi hafifu karibu na 45, usiipuuze: huenda ni PCNA iliyofungwa ubikwitini, protini ndogo ya kutia alama, kwenye asidi amino ya 164, lisini, ishara inayoiita polimerasi nyingine, eta, ivuke penye DNA iliyoharibika. Ongeza N-ethilimaleimidi, kemikali inayozuia vimeng'enya vinavyoondoa ubikwitini, kwenye bafa ya kupasulia seli, la sivyo vimeng'enya hivyo vitaiondoa ubikwitini hiyo kabla hujaiona.