Muulize Shangazi: Vocha ya Houston na kinu cha Upanga

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Temeke, naishi Houston, Texas, na wanangu wawili. Baada ya kusubiri sana nimepata vocha ya nyumba ya serikali, ile wanayoiita Section 8. Mimi nalipa kama asilimia 30 ya kipato changu, serikali inamalizia. Nimepewa siku 60 za kutafuta nyumba. Kila nikipiga simu mitaa yenye shule nzuri naambiwa, "Vocha hatupokei." Wanaopokea wote wako upande mmoja, na wapangaji wa huko ni weusi watupu na Walatino. Huu ni ubaguzi wa rangi au wa pesa? Rafiki yangu anasema nyumbani kwetu serikali haijawahi kugawa watu hivi.
Mama Wawili, Houston

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo rafiki yako, akirudi likizo, mwambie ashuke Mnazi Mmoja, Dar es Salaam.

Asimame pale, mgongo aupe Kariakoo. Mbele yake ndiko kulikokuwa Uhindini, na ukiendelea mpaka baharini unafika Uzunguni. Ule uwanja aliosimama haukuachwa wazi ili vijana wapate pa kuchezea mpira. Uliachwa kuwatenga watu wa huku na wa kule. Waingereza waliitawala Tanganyika kwa dhamana ya Ushirika wa Mataifa, kwa hiyo waliona haya kuandika kwamba Mwafrika asikae hapa. Wakaandika habari za majengo. Kanda ya kwanza ni ya nyumba za namna ya Kizungu, ya pili ya maduka, ya tatu ya nyumba za namna ya Kiafrika. Rangi ya mtu haikutajwa. Zilitajwa kuta na paa, na mwenye udongo na makuti akajijua kwake ni wapi.

Sasa lisikilize tena lile jibu la "vocha hatupokei". Huko kwenu, idara ya serikali kuu iliyoundwa 1934 kudhamini mikopo ya nyumba iliinyima dhamana mitaa ya weusi kwa miaka mingi, bila kuficha. Mwaka 1968 sheria ikakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi. Vocha haikutajwa humo. Majimbo mengine yameziba tundu hilo yenyewe, ila Texas mwaka 2015 ilipitisha sheria ya kuizuia miji yake isiwalazimishe wenye nyumba kupokea vocha. Kwa hiyo unauliza ni rangi au ni pesa, nami nakwambia pesa ndiyo kamba, rangi ndiyo ilikofungwa zamani.

Serikali inaweza kuifungua hiyo kamba? Kwetu ilijaribu, kwa nguvu. Aprili 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Waliopigwa na sheria ile wengi walikuwa Wahindi, na wengi wao walihama nchi. Baba yangu, karani wa bandarini, alipata fleti kule Upanga, ya Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali iliyokabidhiwa majengo yale. Tukatoka kota za Ilala na virago vyetu, na kinu cha mama juu ya mkokoteni.

Bibi wa ghorofa ya chini yetu alikuwa mwenye jengo lote. Sasa alikuwa mpangaji, kama sisi. Siku ya kwanza mama alipotwanga kisamvu, plasta ikamdondokea bibi kwenye chapati, naye akaugonga dari kwa mpini wa ufagio mpaka mama akaacha. Kuanzia hapo kinu kilishushwa uani, na kazi ya kukishusha na kukipandisha ikawa yangu. Hawakupendana wale, nisikudanganye. Mimi hata leo siwezi kusema bibi yule alitendewa haki. Lakini niliingia shule moja na wajukuu zake, yenye maabara na walimu wa kutosha, na binamu zangu waliobaki Ilala hawakuipata. Sikuwazidi akili. Nilikuwa na anwani ya Upanga.

Kisha kikaja kilemba. Kodi ya serikali ilikuwa ndogo, basi mpangaji akihama harudishi funguo ofisini, anamuuzia mwingine. Jirani yetu mmoja aliachia fleti kwa kilemba ambacho baba asingekifikisha hata angeweka mshahara wake wote kwa miaka. Kodi ilikuwa ya mtu wa chini, mlango ulikuwa wa mwenye nacho.

Na viwanja je? Mipango miji yetu inavipanga kwa ujazo, yaani wingi wa nyumba katika eneo: mdogo, wa kati, mkubwa. Ilaze ramani ya kanda za Mwingereza juu ya ramani ya ujazo uone. Oysterbay ya Wazungu, ujazo mdogo. Uhindini, wa kati. Uswahilini, mkubwa. Neno "Uzunguni" lilifutwa kwenye makaratasi, uzio ukabaki.

Ninaloliheshimu ni la Magomeni Kota, mtaa wa nyumba za serikali. Kaya 644 ziliondolewa, nyumba zikabomolewa, na mahali pazuri namna ile ungetegemea wapewe wengine, wao wapelekwe Chanika huko, pembezoni mwa mji. Walihangaika na ahadi miaka kadhaa, lakini maghorofa yalipozinduliwa Machi 2022, wao ndio waliotengewa, pale pale.

Wewe sasa. Siku 60 hazijafungwa kwa kufuli. Ofisi iliyokupa vocha inaruhusiwa kukuongezea. Omba kwa maandishi mapema, uambatanishe orodha ya waliokukataa, jina la mtaa na tarehe ya simu. Uliza pia kuhusu kuihamisha vocha, maana inaweza kutumika mji mwingine au hata jimbo lingine. Washington na New Jersey, kwa mfano, mwenye nyumba haruhusiwi kukukataa kwa sababu ya vocha tu. Kama una ndugu huko, mpigie leo, kabla hujasaini upande ule usioutaka.