Upepo wa tairi za pikapu yenye kibanda cha kulala
Umeuliza kama ujaze psi 80 (psi ni kipimo cha upepo) tairi zote nne kwa kuwa ndiyo namba iliyo ubavuni. Hapana, ndugu, hicho ni kikomo cha tairi. Pakia kibanda, maji, mafuta na abiria, kisha pima kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, peke yake kwenye mizani. Ya nyuma ikisoma kilo 2,400, kila tairi imebeba kama 1,200. Upande mmoja ukizidi, fuata ule mzito. Tafuta uzito huo kwenye jedwali la mtengenezaji wa tairi uone upepo wake, na usishuke chini ya upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Jaza asubuhi, kabla gari halijatembea. Upepo ukiwa mdogo, ubavu hujikunja kila mzunguko, hupata moto, mwishowe tairi hupasuka. Upepo ukipanda safarini, tafadhali usiupunguze.