Upepo ulioezua paa bila tonado ulitoka wapi?

Swali: Tunaishi Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani. Tarehe 10 Agosti 2020 upepo uliezua mapaa na kung'oa miti mtaa mzima, kisha tukaambiwa haikuwa tonado. Upepo wa mvua tu unawezaje kufanya hivyo? Na simu ikilia tena kwa onyo la hali ya hewa, nitajuaje kama ni hatari kweli?

Jibu: Hiyo ilikuwa derecho, neno la Kihispania lenye maana ya "nyoofu". Mwaka 1888 Gustavus Hinrichs, profesa wa fizikia huko huko Iowa, alilitumia kuutenga upepo huu na tonado, ambayo huzunguka. (Angalau hili linasomeka kama lilivyoandikwa; maneno mengi ya fani yetu ya hali ya hewa hayana huruma hiyo.)

Nguvu yake inatokana na baridi. Unaujua mtungi: maji yanayopenya udongo na kukauka kwa nje ndiyo yanayopoza yaliyomo ndani. Angani ni vivyo hivyo. Mvua ikipita kwenye hewa kavu, sehemu yake hukauka kabla ya kufika chini na kuipoza hewa ile. Hewa baridi ni nzito, basi huporomoka, na ikigonga ardhi hutawanyika kwa kasi. Ikisonga mbele huinua hewa ya joto iliyo mbele yake, yenye unyevu wa Ghuba ya Meksiko na jasho la mashamba ya mahindi ya Agosti. Hapo huzuka mawingu mapya ya radi, mvua mpya, baridi mpya. Dhoruba inajilisha yenyewe.

Ndiyo maana ile yenu ilitoka upande wa South Dakota na Nebraska asubuhi ikafika hadi Ohio, takriban kilomita 1,240 kwa saa 14. Atkins, jirani zenu, kipimo kilisoma kilomita 203 kwa saa. Cedar Rapids, kwa kutazama jengo la ghorofa lililobomoka, wakaguzi walikadiria 225. Tonado nyingi hazifiki huko! Ukitaka kuzitofautisha, tazama miti: ya derecho hulala karibu yote upande mmoja.

Kuhusu simu, onyo la kawaida la dhoruba ya radi hutolewa upepo ukitarajiwa kufika maili 58 kwa saa, na hilo haliifanyi simu ipige king'ora. Tangu 2021 king'ora hicho hulia kwa dhoruba ya radi ikiwa tu upepo unakadiriwa kufika maili 80, au mawe ya mvua ni makubwa kama mpira wa besiboli. Kwa hiyo kikilia, fanya kama ni tonado: shuka chini kabisa, kaa chumba cha ndani kisicho na dirisha. Wanaoishi kwenye nyumba za kuhamishika wahame mapema, wasingoje king'ora.

Umeme ukikatika, jenereta iwe nje, mbali na madirisha. Si gereji, hata mlango ukiwa wazi: gesi ya kabonimonoksaidi haina harufu.